Marlys Tollefson Apeleka Mifuko ya Plastiki Dukani

Enyi masikio yaliyochoka na habari za wafalme, sogeeni! Yaacheni masufuria yaungulie mekoni, kwa maana leo yasimuliwa mambo ya siku ile ya Aprili, katika mji wa Duluth ulio ubavuni mwa ziwa lisilo na huruma, alipotoka Marlys Tollefson, mpishi mstaafu wa shule, shujaa wa magoti mabovu, kwenda kurudisha mifuko ya plastiki dukani.

Mifuko hiyo ilikuwa imezaliana kabatini majira yote ya baridi, hata asubuhi hiyo Marlys alipofungua mlango kutafuta ufagio, jeshi zima likamporomokea kifuani. Mumewe Vernon, mlinzi wa kiti cha sebuleni, akainua macho kutoka gazetini.

"Si uitupe tu?"

"Vernon Tollefson!" akanguruma Marlys. "Niitupe, ipeperuke mpaka ziwani, imkabe bata wa watu asiye na hatia? Pale dukani kuna pipa la kuikusanya, ikayeyushwe, itengenezwe mabenchi. Nitaifikisha, au nisirudi!"

"Sawa. Funga mlango, baridi inaingia."

Hivyo ndivyo alivyoagwa shujaa.

Akaishindilia mifuko yote ndani ya ule uliokuwa mkubwa kuliko wenzake, akaulaza kiti cha nyuma cha gari kwa heshima ya majeruhi, akaendesha. Lakini alipoushusha tu kwenye uwanja wa magari, upepo wa ziwa, adui wa kofia na miavuli, ukamvamia bila kutangaza vita. Mfuko mkubwa ukapasuka kitako. Mifuko ikatimka juu ya theluji iliyokuwa ikiyeyuka, ikaruka magari, ikapanda miti, na mmoja, uliokuwa na ujasiri kupita yote, ukamfunika uso mwanamke aliyekuwa akisukuma toroli lake.

Mwanamke akaubandua. Lahaula! Alikuwa Bernadine Kubiak.

Ni Bernadine yule yule ambaye, kwenye chakula cha pamoja cha kanisani, majani ya miti yalipokuwa yakipukutika kabla ya baridi, alionja bakuli la Marlys la nyama ya kusaga na viazi, akatangaza mbele ya meza nzima kwamba limezidi chumvi. Tangu hapo wakawa wanapishana kama manowari za mataifa mawili. Marlys aliapa kuwa hajali. Hata hivyo, kila asubuhi mkono wake ulipika kahawa ya watu wawili kama zamani Bernadine alipokuwa akija, naye akaimwaga nusu, maana Vernon hanywi kahawa.

"Huu ni wako?" akauliza Bernadine.

"Ni wangu, na ndugu zake wote wale. Ukitaka kucheka, cheka. Ila usiukanyage!"

Bernadine akautazama uwanja, akamtazama Marlys, akaliacha toroli lake.

"Usinisimamie hapo kama sanamu basi. Wewe kamata ya kulia. Ule wa mtini niachie mimi."

Ndipo dunia ikashuhudia ajuza wawili wakipiga mbio kati ya magari, makoti yakipepea, wakiikanyaga mifuko iliyokimbia, wakiiteka iliyojificha chini ya magurudumu, hata wasibakize mkimbizi hata mmoja. Wakaingia dukani wakihema. Na hapo penye pipa alisimama Duane, msimamizi wa mlangoni, mwenye ndevu za shaba na moyo wa jiwe.

"Kinamama, hiyo imelowa. Hatupokei mifuko iliyolowa, inaharibu mzigo wote."

Marlys aliinua macho, akaona kati ya milango miwili ya duka mashine ya kupuliza hewa ya moto. Akampa Bernadine nusu ya mateka. Wakasimama chini yake, uso kwa uso, wameinua mifuko kama bendera, hewa ikiwavuruga nywele.

"Marlys."

"Nini?"

"Kile chakula hakikuzidi chumvi."

"Najua."

"Watu walikuwa wanakigombea, changu hakijaguswa hata kijiko. Nikaona wivu, mdomo ukaniponyoka."

Sasa, Marlys alikuwa ameitunga majira yote ya baridi hotuba ya saa hiyo, yenye sehemu tatu na laana moja. Akaitafuta, asiione.

"Kilizidi kidogo," akasema hatimaye. "Vernon alikunywa maji usiku kucha."

Wakacheka hata Duane akauliza kama kuna mtu wa kuwapigia simu.

Mifuko ilipokauka, pipa likaonekana limejaa hadi mdomoni. "Rudini Jumatatu," akasema Duane. Rudini! Marlys akakunja mikono ya sweta, akatumbukiza mkono hadi begani, akashindilia. Bernadine akalikumbatia pipa lisianguke.

"Sukuma, shoga, sukuma!"

Pipa likaguna. Mfuko wa mwisho ukazama.

"Haya," akasema Duane, "imeingia." Na katika mji ule, ambako watu husifu kwa uchache wa maneno, hiyo ilikuwa tarumbeta ya ushindi.

Basi na wajue vizazi vijavyo kwamba upepo ulishindwa, na pipa likasalimu amri, na uhasama wa bakuli moja ukakoma mlangoni pa duka. Walioingia kununua mayai hawakuyatambua hayo. Walisema tu, "Samahani kinamama, mnaziba njia". Na historia, ikicheka, ajuza wawili wameshikana mikono, ikasogea pembeni.