Vizuri Sana, Tuendelee

Jumatatu, 8 Juni
Chuo bado kimefungwa kwa sababu ya gonjwa. Nafundisha Jiolojia kutoka meza ya jikoni: juu shati na tai, chini kaptura. Wanafunzi wote wamezima kamera. Naongea na vijisanduku vyeusi. Mkuu wa kitivo kamsifu mwenzangu wa Falsafa, eti darasa lake la mtandaoni limechangamka. Yule! Ukumbini watu walisinzia hadi udenda ukawatoka.

Jumanne, 9 Juni
Wazo! Nimerekodi mhadhara mzima. Nitaurusha kana kwamba niko hapo, nimechangamka, kila baada ya muda nikisema, "Vizuri sana, tuendelee." Mwenyewe nitakuwa kitandani. Mke wangu anasema nitajiaibisha. Nikamwambia hajui teknolojia. Ndiye aliyeniwashia kamera.

Alhamisi, 11 Juni
Kumeharibika. Video ilienda vizuri, nami nikapitiwa na usingizi. Mke wangu kaja kuniamsha, uso haucheki. Alikuwa akisikia darasa kutoka jikoni. Kiongozi wa darasa, binti mpole, aliomba ruhusa ya kutoka. Baba yake amefariki hospitalini; hawakuruhusiwa hata kumwona. Na mimi, pale kwenye skrini, nikatabasamu. "Vizuri sana, tuendelee."


Ijumaa, 12 Juni
Nimempigia simu yule binti. Nilishaandaa uongo kuhusu mtandao kukwama. Alipopokea tu, uongo ukanikauka mdomoni. Nikamwambia ile ilikuwa video, mimi nilikuwa nimelala. Akasema, "Afadhali, mwalimu. Nilidhani umenisikia."
Tukakaa kwenye simu muda mrefu. Akanisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akivuta kiti nyuma yake kila kipindi, asikilize habari za miamba, halafu amsumbue kwa maswali wakati wa kula. Kumbe nilikuwa na msikilizaji mmoja wa kweli! Nililia. Yule wa Falsafa asijue.

Jumapili, 14 Juni
Kesho kuna kipindi. Nimetafakari sana. Tatizo halikuwa video, tatizo lilikuwa maneno. Nimerekodi upya. Safari hii kila mara natulia, nainamisha kichwa, nasema kwa upole, "Pole sana. Chukua muda wako." Inafaa kwa jambo lolote.
Mke wangu kauliza: na mwanafunzi akitangaza kwamba anaoa?
Nikamjibu hata hapo inafaa.
Naandika haya kwenye kochi la sebuleni. Mto sikupewa.