Ombi la Kufanyiwa Msako Siku ya Jumamosi

Bonde la Cagle,
Kaunti ya Braswell,
North Carolina.
Alhamisi asubuhi.

Mheshimiwa Sherifu Loy Pruett,

YAH: KUTOKUKAMATWA KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mama yako anaendelea vizuri na ule mguu wake. Mimi mzima, isipokuwa goti, na isipokuwa hasira niliyonayo juu yako. Hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha juu ya ndoo hapa mtamboni, karatasi ikiwa juu ya pipa, niandike haya wakati nasubiri moto ushike vizuri.

Unanifahamu. Mimi ni Vester Cagle, mpika gongo wa bonde hili, mtoto wa mpika gongo na mjukuu wa mpika gongo. Marehemu baba yako, Sherifu Grady, alinisaka miaka yote aliyovaa ile beji. Wewe umekalia kiti chake muhula wa pili sasa na hujanisaka hata mara moja. Mwanzoni nilivumilia, nikasema kijana bado mgeni kazini, mwacheni azoee. Umeshazoea. Umeota na kitambi. Kwa hiyo naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Unanipungia mkono. Jumamosi iliyopita nilikuwa barabarani na wanafunzi wangu, tumebeba magunia ya mahindi na sukari ambayo mtu yeyote mwenye macho angejua si ya kutengenezea keki. Ukapita na gari la polisi. Nikawaambia wanafunzi wainamishe vichwa. Wakainamisha, wengine wakaingia mtaroni. Wewe ukasimamisha gari, ukashusha kioo, ukaniuliza goti langu linaendeleaje, kisha ukapunga mkono na kuondoka. Baba yako hakunipungia mkono hata kanisani. Tulikaa mabenchi ya pande mbili tofauti na kila mmoja alijua sababu. Wanafunzi wangu walitoka mtaroni wakiwa na matope mpaka magotini, wakanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Hao wanafunzi ni watu wazima wanaotoka mjini kila Jumamosi, wanataka kujifunza kupika chupa mbili tatu za kunywa na rafiki zao majumbani. Yupo daktari wa meno, Dakta Whitcomb. Yupo Delphine, anayeshughulika na kompyuta za benki. Wapo na wengine. Wanakuja na vipimajoto, wanaosha shaba ya mtambo kwa sabuni yenye harufu ya malimao, na mmoja alionja ule ugali tunaozibia viungo vya mtambo, akauliza kama una chumvi. Lakini wanakuja, Mheshimiwa. Wanakuja hata siku za baridi.

2. Askari wako Tully aliwaonyesha njia. Mimi nimeishi maisha yangu yote nikipita juu ya mawe ya kijito ili nyayo zangu zisitengeneze njia. Babu yangu alifanya hivyo, baba yangu akafanya hivyo, na wote walikufa na baridi yabisi ya miguu. Wanafunzi walipopotea mwezi wa tano, Tully aliwatangulia na gari lenye taa ya buluu mpaka chini ya bonde, akawaonyesha mahali pazuri pa kuegesha magari, akafunga na geti ili ng'ombe wangu asitoke. Mbwa wangu, niliyemfuga kwa kazi ya kubweka akiona sare, alimlamba mikono. Namlaumu mbwa pia, lakini mbwa hajaapishwa mahakamani.

3. Unaniharibia masomo. Nafundisha kwa mpangilio. Kwanza kuchachusha mahindi. Kisha kumwaga ile ya mwanzo inayotoka, kwa sababu inaua, na hapo sitaki utani na mtu. Kisha kutikisa chupa na kusoma ukali wake kwenye mapovu. Somo la mwisho, ambalo ndilo linalotofautisha mpika gongo na mtu anayechemsha maji, ni somo la pua. Ni somo la kumnusa sherifu.

Sitaki kujisifu, lakini baba yako hakuwahi kunikuta hapa. Alikuwa anapenda kuja siku za mvua. Alikuta mtambo, akaupiga shoka, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani, nakula maharage. Watu walipouliza siri yangu niliwajibu kwamba ni pua, namnusa Grady kabla hajavuka daraja. Na ni kweli, ingawa kwa uaminifu niseme kwamba mara nyingi pua ilikuwa inaanza kazi nikiwa tayari njiani nateremka kwa shughuli nyingine.

Shughuli yenyewe ilikuwa kumgombeza mke wangu. Orpha ni mwanamke mwenye akili zake timamu, ila enzi hizo alikuwa na kasoro moja: alikuwa akianika blanketi jekundu la viraka, aliloshona marehemu mama yangu kwa mkono wake, wakati mvua inanyesha. Kutoka hapa mtamboni kamba ya nguo inaonekana vizuri kabisa. Mtu gani ataona blanketi la mama yake linalowa asiteremke? Nilikuwa nateremka nafoka mpaka mlangoni, naendelea kufoka mezani, na nikiwa katikati ya kufoka ndipo nasikia shoka la Grady huku juu. Siku hizi Orpha ameiacha tabia hiyo. Nadhani uzee umemtuliza.

Sasa nifundisheje pua bila sherifu? Jumamosi zote nawapanga wanafunzi mstari, wanaelekea upepo, wamefumba macho, wananusa. Dakta Whitcomb alisema ananinusa mimi tu.

4. Umemsaka Hobart Sizemore. Hapa ndipo niliposhindwa kula. Sizemore wa ng'ambo ya kilima, ambaye gongo yake haifai hata kusafishia bunduki, ambaye anatia chakula cha nguruwe ndani ya pipa na kukiita siri ya ukoo, ulimwendea mwezi wa nne na magari mawili. Eti jirani alilalamikia moshi. Mimi hapa nina moshi mzuri kuliko wake na sina jirani wa kulalamika, je, hilo ni kosa langu? Sasa Sizemore naye amefungua darasa. Ametundika ukutani ile shaba mliyoipiga shoka, na tundu la shoka ameliwekea taa kwa nyuma ili lionekane vizuri.

Wanafunzi wangu walikwenda kulitazama. Waliporudi walikuwa wapole mno. Delphine ndiye aliyesema, na alisema kwa adabu, akiwa ameshika kofia yake: "Mzee Vester, usinielewe vibaya, sisi tunakupenda. Lakini Mzee Sizemore ana kesi mahakamani. Wewe una nini?"

Nilijifanya naangalia moto. Wakaniambia wataamua Jumamosi hii kama watahamia ng'ambo.

Nitasema wazi jambo ambalo sijamwambia hata Orpha. Wanangu wawili hawakutaka kazi hii. Mmoja anauza bima mjini Atlanta na mwingine hanywi hata bia. Nilishakubali kwamba nikifa, hakuna mtu katika bonde hili atakayejua shaba inatoa sauti gani dakika chache kabla ya tone la kwanza. Kisha wakaja hawa wenye sabuni ya malimao. Wananiudhi sana, na wakienda kwa Sizemore nitaumia.

5. Huu ni ubaguzi. Mimi ni mlipa kodi. Nalipa kodi ya ardhi, ya gari na ya mbwa, na kitu ambacho silipii kodi ni kimoja tu, na unakijua, na ndicho ninacholalamika kwamba hukifuatilii. Sheria ni ya watu wote. Kama Sizemore ana haki ya kukamatwa, nami ninayo.

Tena fikiria hatari yake. Kama ninachopika hakimfanyi sherifu ashuke kwenye gari, basi si gongo. Kama si gongo, ni juisi. Kama ni juisi, basi ukoo wetu ni wauza juisi kwa vizazi vitatu, na babu yangu, aliyekaa gereza la serikali mpaka meno ya mbele yakaisha, alifungwa kwa ajili ya juisi. Nani atakwenda makaburini kumwambia? Mimi siwezi. Nakuteua wewe.

Kwa sababu hizo zote, natoa ombi rasmi la kufanyiwa msako siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Saa hiyo tutakuwa tumemaliza kahawa, na Dakta Whitcomb atakuwa bado hajaondoka kwenda kumtazama mwanawe akicheza mpira. Naomba uje na king'ora. Naomba utumie kipaza sauti na utaje jina langu lote, Vester Amos Cagle, useme kwamba mmenizunguka. Mkiwa wawili tu si kitu, wanafunzi watahesabu vibaya kwa woga.

Uje na shoka. Kama ofisi siku hizi haina shoka, langu limenolewa na liko nyuma ya mlango. Utakuta mitambo miwili. Wa kushoto ni wangu wa zamani, unavuja. Wa kulia ni ule ambao wanafunzi wameutengeneza kwa mikono yao, shingo imepinda kama ya bata na unang'aa kupita kiasi. Huo wa kulia ndio nakuomba uuvunje. Watalia, na ndivyo inavyotakiwa. Mtu hajawa mpika gongo mpaka shaba yake ipigwe shoka mbele ya macho yake. Mimi nitakimbia kidogo, kadiri goti litakavyoruhusu, na naomba Tully anifukuze polepole.

Nikamatwe kwa heshima, nirudishwe kabla ya ibada ya Jumapili.

Nisalimie mama yako, mwambie maboga yake bado nayakumbuka. Msalimie Tully, na mke wake, na yule mtoto wao anayeogopa kuku. Msalimie Jaji Eubanks, mwambie nimekuwa nikitamani kuonana naye. Wasalimie mahabusu wote, na yule mama wa mapokezi anayepika kahawa nyepesi, na mtu mwingine yeyote atakayekuwa amesimama karibu wakati unaisoma.

Ni mimi wako, mvunja sheria mwaminifu,
Vester A. Cagle

Nyongeza baada ya sahihi: Orpha amepanda kuniletea maharage akaikuta barua kabla sijaitia kwenye bahasha. Amesoma ukurasa wa kwanza na wa pili, na alipofika kwenye pua akacheka mpaka akakaa chini kwenye kuni. Nikamuuliza kinachomchekesha. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa yanamhusu marehemu baba yako.

"Vester, pua yako haijawahi kunusa hata maziwa yaliyoharibika. Grady alikuwa ananipigia simu. Kila mara. Ananiambia natoka ofisini sasa hivi, mtoe huyo mtu huko juu. Alisema kaunti inataka shaba ivunjwe, haijamtuma amlishe Vester jela. Ningekuambia ukweli ungebisha, ungebaki hapo na bunduki ya babu yako. Nikaona kitu pekee kitakachokuteremsha mbio ni kuja kunigombeza mimi."

Nikamwambia si kweli. Akasema, "Haya. Msako unautaka? Namba ya Loy ninayo, kama nilivyokuwa na ya baba yake." Akachukua bakuli lake akateremka, bado anacheka. Ukurasa wa tatu hakuusoma.

Nimekaa hapa nanusa tangu hapo. Nasikia harufu ya maharage. Sasa mvua imeanza kunyesha, na kule chini, kwenye kamba ya nguo, naliona blanketi jekundu la mama yangu.

Loy mwanangu, leo ni Alhamisi. Siku imeandikwa ukurasa wa tatu. Wanafunzi hawapo, hakuna wa kukuona, msako wote utapotea bure. Kama unaweza, geuza gari urudi Jumamosi. Kama huwezi, basi yale niliyoandika kuhusu mtambo wa kulia nayafuta. Usiuguse. Dakta Whitcomb ameunga ile shingo kwa vifaa vyake vya meno, na siku walipoonja ya kwao kwa mara ya kwanza Delphine alinikumbatia, mimi, na harufu yangu. Vunja wa kushoto, na uache tundu mahali panapoonekana, nitalitafutia taa.

Moto nimeuzima. Barua naiacha juu ya pipa, chini ya chupa, utaiona. Chupa ni yako. Baada ya kila msako ilikuwa inakosekana chupa moja, na miaka yote nilidhani ni Sizemore.

Mvua imezidi na blanketi linalowa. Nateremka kumgombeza Orpha.