Mtani Wangu wa Chini ya Maji

Jumatatu, 2 Juni 2025

Selina mke wangu,

Leo nimeingia kwenye gemu lako. Miezi mitano kompyuta ilikaa dukani chini ya maboksi ya zipu. Nimeifuta vumbi, nikaiwasha, nikaikuta nyumba yako ya vioo kule chini ya maji, kwenye ile sayari ambako chombo chako kilianguka. Taa zinawaka. Kitanda umeweka cha watu wawili. Mlangoni umebandika kibao: AARON PIGA HODI.

Nimekisoma mara mbili. Kisha mteja akataka vifungo vya shati.

Shida ni moja. Ulichagua kucheza kwa roho moja. Ukifa, gemu linafuta kila kitu: nyumba, kitanda, kibao. Na chakula ndani kimebaki kidogo. Lazima nitoke kuvua. Nje linazunguka dude lenye taya nne, refu kama foleni ya kivuko cha Magogoni.

Bryson wa duka la mikanda, yule Mhehe, amechungulia akasema lichomwe kisu. Nimekataa. Wewe humo hukuua kitu ila samaki wa kula, na hata hao ulikuwa unawaambia samahani. Mimi nitalifanya rafiki. Nimetoka, nikawasha na kuzima tochi mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Limenijibu kwa meno. Uhai umebaki robo. Nimerudi ndani mbio.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa pili: ukarimu. Hapa Kariakoo mteja mkali unampa nyongeza, kesho anarudi na dada zake. Nimepakia samaki wote sita waliobaki kwenye chombo chako kidogo cha kuzamia, kile ulichokipaka rangi ya sare ya kwaya. Nimewamwaga mbele ya dude, nikashuka, nikasogea kando kungoja shukrani.

Samaki halikuwagusa. Limekula chombo.

Bryson amecheka hadi akakaa chini. Amesema sisi Wangoni tangu enzi hatujui kupigana, tunajua kukimbia. Nimemwambia Mhehe anyamaze, bado hajamaliza utumwa kwangu. Lakini moyo umeniuma. Rangi ile ulihangaika nayo wiki nzima.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata jibu, na nimelipata kwa Bryson bila yeye kujua. Asubuhi amechukua viatu vyangu, akavivaa hadi saa sita, mimi nauza duka peku. Sikukasirika. Ni mtani. Ukimkasirikia mtani unaonekana huna malezi.

Nikakumbuka maziko yako. Alijifunga kitenge chako, akakwapua mkoba wako, akapita katikati ya waombolezaji akililia jeneza lipunguzwe bei, kwa sauti yako ile ya puani. Shangazi zako walishikana wasianguke kwa kicheko. Mimi siku hiyo ndipo nilipokula, mara ya kwanza tangu uondoke.

Sasa fikiria. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali, ndipo wakawa watani. Mimi na dude tumeshapigana. Kwa hiyo sisi ni watani tayari, ila dude halijapewa taarifa. Na taarifa ya utani hutolewa kwa kuchukua kitu cha mwenzio.

Pembeni ya mwamba dude lilikuwa na yai. Nimelichukua, nikaliweka kwenye tangi lako la kufugia samaki. Wakati naondoka nikaliambia dude kwa sauti: "Mtumwa wangu we!" Zulekha wa chai ameniuliza namwita nani.

Alhamisi, 5 Juni

Dude halina malezi. Limekuja hadi nyumbani, linapiga vioo kwa kichwa. Naziba ufa huu, unafunguka ule. Mteja ametaka zipu nyeusi ya inchi nane, nimempa nyekundu ya mita nzima, naye kwa huruma ameipokea.

Bryson ameshika kompyuta akaanza kutafuta kisu. Nimemnyang'anya. Tumevutana kama watoto. Akasema taratibu, Mngoni, hii si nyumba ya kweli. Nikamwonyesha kibao cha mlangoni. Amekisoma, akaniachia. Hakunitania tena hadi tunafunga.

Zulekha ameleta chai, akauliza lile joka linadai nini. Nikamwambia nimelitania, nimechukua yai lake.

"Mzee Aaron, shikamoo yako naiheshimu, lakini huo si utani. Umeiba mtoto wa mtu. Mrudishie."

Nikamweleza kwamba utani una taratibu zake. Akasema taratibu hizo kwao hazifiki kwenye watoto.

Ijumaa, 6 Juni

Yai limepasuka. Kimetoka kitoto chenye taya nne ndogo kama vibanio vya nguo. Kinanifuata kila ninapokwenda, kinasugua kichwa kwenye kioo. Nimekipa jani la bustani yako, kikala. Nimekipenda. Ningekaa nacho.

Ila mama yake alikuwa anapiga ukuta wa chumba cha kulala, na maji yalifika kwenye godoro. Chakula hamna. Uhai robo.

Nimekibeba, nikafungua mlango. Bryson alinishika bega. Zulekha alifumba macho. Dude likaja mdomo wazi, skrini nzima ikawa meno. Nikakiachia kitoto. Kimeogelea hadi usoni kwake.

Dude likafunga mdomo. Likakipitisha chini ya tumbo, likazunguka mara moja, wakaondoka taratibu. Mimi halikunigusa.

Nimevua samaki ishirini. Nyufa zote nimeziba. Nyumba yako imesimama, Selina. Zulekha amepiga vigelegele hadi Hussam wa duka la ng'ambo ya barabara akaja kuuliza nani kaposwa.

Jumamosi, 7 Juni

Zulekha anasema dude limetulia kwa sababu limerudishiwa mwanawe. Sibishani naye, chai yake ni nzuri. Lakini wewe nikwambie ukweli: ni utani ule. Utani huo ulichelewa tu kuliingia. Leo nimepita mbele yake, nikaliita mtumwa, likanitazama likaendelea na shughuli zake. Huo ni utani uliokomaa.

Bryson amesikia kwa wauza simu kwamba kule kwenye shimo, ambako hata wewe hukufika, liko dude lingine kubwa mara kumi, lenye mayai matano. Maskini, hakuna aliyewahi kulitania. Nimeunda chombo kipya, nimekipaka rangi ya kwaya, imetoka imekolea kidogo. Nashuka mchana huu. Nachukua yai moja tu, kwa heshima.

Bryson ameleta kiti chake mwenyewe. Zulekha amekataa kutazama.

Kitanda nimekitandika. Mambo yakiharibika na nyumba ikafutika, usininunie huko uliko. Nikumbuke tu.