Mpwa wa Cherehani

Lori lilipozama kwenye tope nje kidogo ya Kibiti, abiria wote waliilaani barabara isipokuwa Tahiri. Yeye aliteremka taratibu, akainua pindo za suruali ya suti yake ya rangi ya maziwa, akatafuta kivuli. Barabara ile ilikuwa inatengenezwa kila mwaka, kwa maneno. Wakubwa walikuja na magari, wakaonyesha kwa vidole mahali lami itakapopita, wakachinjiwa kuku, wakaondoka. Lami haikuja, na kuku hawakurudi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kuuza ruksa, kununua ruksa, na kulala njaa nako hakukuombewa kibali. Marobota ya mitumba yalishushwa sokoni, na mafundi waliokuwa wakishona suruali wakabaki kuzipunguza viuno suruali za marehemu wa Ulaya. Tahiri mwenyewe alikuwa anatoka Nyamisati, kule deltani, alikowauzia wavuvi hisa za kampuni ya kuvua kamba ambayo mali yake yote ilikuwa muhuri mmoja wa mpira. Wavuvi walipoanza kuulizana ofisi iko upande gani wa mto, akagundua kwamba hewa ya mikoko haiyafai mapafu yake.

Basi akiwa pale kivulini akasikia sauti ya cherehani. Akageuza shingo.

Kwenye baraza la nyumba ya karibu, mwanamke aliyevaa nguo za eda alikuwa anazungusha gurudumu kwa mkono. Cherehani ilikuwa nyeusi, ya zamani ile, shingo yake imenakshiwa maua ya dhahabu ambayo hayajachubuka. Pembeni palikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo miguu ya cherehani: wa kukunja pindo, wa kutia marinda, wa kuvisha ukingo utepe, wa kutengeneza matundu ya vifungo. Mwanamke alifungua skrubu, akatoa mguu mmoja, akatia mwingine, na kitambaa kilichoingia kimenyooka kikatoka kimejikunja marinda kama shingo ya bata mzinga aliyekasirika.

Mate yakamjaa Tahiri mdomoni. Alimjua mgeni mmoja wa Masaki, Dar es Salaam, aliyekusanya cherehani kuukuu kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda. Aliwahi kumpelekea moja. Yule mgeni aliizunguka, akaipapasa, kisha akauliza miguu yake iko wapi. Bila miguu akalipa bei ya chuma chakavu. Iliyokamilika, alisema, atailipia mpaka muuzaji aone haya. Tahiri alikuwa hajawahi kuona haya, akatamani kujaribu.

Akasalimia, akaisifu kazi, akataja bei. Mwanamke hakuinua macho.

"Baba, hii ndiyo jembe langu na ndiyo shamba langu," alisema. "Ukiichukua, mimi nitarudi Ngorongo kwa kaka yangu nikangoje mkewe apakue. Nenda salama."

Mtu mwenye aibu angekwenda salama. Tahiri akaenda kwenye kijiwe cha kahawa, ambako kwa vikombe viwili vya kahawa na kashata mtu hupewa habari za ukoo wowote mpaka babu wa nne. Akaambiwa kwamba yule ni Mwanajuma, mjane wa Fundi Mwinyimvua, na hitima ya arobaini ni Ijumaa. Kwamba fundi hakuacha mtoto. Kwamba kwa desturi ya ukoo ule chombo cha ufundi hakikai na mjane, humfuata mpwa, mtoto wa dada; na kwamba dada pekee, Mashavu, alitoroka na dereva wa lori akiwa kigoli, akapotelea Dar es Salaam. Kwa kuwa mpwa hayupo, wazee walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba cherehani ibaki pale ilipo.

Tahiri akalipia kahawa ya kijiwe kizima. Mpwa alikuwa amekwisha kupatikana.

Ila mpwa asiye na shahidi ni mzururaji tu. Kwa hiyo kabla ya kwenda kulia msibani alipita kwa Bwana Joachim. Huyu alikuwa ofisa. Ofisa wa nini hasa, hata waliomlipa mshahara hawakukumbuka, lakini alikuwa na meza. Tahiri alikuwa na redio kaseti ya spika mbili. Wakazungumza habari za utu, za damu kuwa nzito, na za jinsi redio inavyofaa ofisini. Alipotoka Tahiri, redio ilibaki, na Bwana Joachim alikuwa amekwisha kumkumbuka marehemu Mashavu vizuri sana, ingawa yeye alizaliwa milimani huko Mbulu na Mashavu hakuwahi kupanda mlima wowote.

Msiba ukapata mwenye kulia. Tahiri alilia kuanzia njiani, akaanguka miguuni pa Mzee Salumu, kaka wa marehemu, akamwita mjomba, akasema mama alifariki akilitaja jina lake. Wanawake wakajifuta macho kwa kanga. Bwana Joachim akasimama nyuma, akakohoa kiserikali, akasema kijana huyu anafahamika. Mzee Salumu alitazama chini. Kumpinga mgeni ni neno dogo, lakini kumpinga ofisa ni kutafuta safari za wilayani Utete, uende leo uambiwe rudi kesho, uende kesho uambiwe bwana mkubwa yuko semina.

Na Tahiri, kama wote waliojaliwa ulimi, hakujua pa kuushikia breki.

"Mjomba, mimi nimezaliwa mjini lakini mama hakunilea kimjini," alisema. "Mila za kwetu Wandengereko nazijua zote. Mpaka watani wetu nawajua mmoja mmoja, hata gizani."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Neno likakaa pale, kama mtego uliofukiwa.

Mwanajuma alimpokea kwa adabu zote, akamwita mwanangu, naye akamwita mkaza mjomba. Akampa maji ya kunawa, akampa chakula. Alipomaliza kula, mpwa aliuliza lile kopo la bati linawekwa wapi.

Mjane huzungukwa na watu siku arobaini, kila mmoja na ushauri wake. Mgane huachiwa masufuria ajifunze mwenyewe. Katika ushauri wote ule Mwanajuma alichagua wa mtu mmoja, nesi Petronila wa zahanati. Petronila alikuwa Mhaya, Mkatoliki wa Kamachumu huko kando ya Ziwa Viktoria, aliyeletwa Kibiti na karatasi ya uhamisho na kusahauliwa hapo pamoja na dawa alizoahidiwa. Marehemu alikuwa akimshonea gauni kila Krismasi.

"Huyu si wetu," Mwanajuma alimwambia. "Ameuliza kopo kabla hajauliza kaburi. Lakini nikisema, nitaambiwa ni choyo cha mjane, na yule wa serikali atanifunga mdomo."

Petronila akafikiri kidogo, kisha akauliza kama ni kweli kijana amejisifu kuwajua watani. Akaambiwa ni kweli. Akaomba aazimwe kanga mbili.

Ijumaa ikasomwa hitima, pilau ikaliwa, na wanaukoo wakabaki barazani kwa lile jambo. Cherehani ilitolewa ikawekwa mkekani, kopo lake ubavuni. Mwanajuma alikaa nyuma yake ameshika magoti. Mzee Salumu alikuwa anatafuta maneno ya kumpokonya shemeji yake riziki kwa heshima, wakati Petronila alipoingia amejifunga kanga kama mwenyeji, akapita katikati ya wazee wote, akaketi juu ya kopo la miguu.

"Mtani wangu amekufa," akatangaza, "na mimi sikupewa hata ukosi wa shati lake. Hapa sinyanyuki."

Sasa, kila mtu wa pwani ajua kwamba mtani, mtu wa kabila mnalotaniana, ana haki zake msibani. Akikamata kitu, hakisogezwi mpaka ndugu wa marehemu wakikomboe, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Mzee Salumu alifumbua mdomo amuulize nesi kama ana homa. Kabla hajatamka, Tahiri alikuwa ameshainuka, mkono kifuani, meno yote nje.

"Karibu mtani," alisema. "Nilikuwa najiuliza mbona mmechelewa. Mama alinisimulia habari zenu tangu niko mdogo."

Mzee Salumu akafumba mdomo. Akamtazama Petronila, akamtazama mpwa, akainua kikombe cha kahawa kilichokuwa kitupu, akanywa kwa muda mrefu. Barazani pote wazee walipatwa na kikohozi cha ghafla. Bwana Joachim peke yake hakukohoa, kwa kuwa wa milimani hana habari za watani wa pwani, na hajawahi kuuliza.

"Kuna miguu minne humu," Petronila alisema, "na kila mguu unatembea kwa bei yake. Huu wa pindo nautaka kwa hiyo saa."

Tahiri alipiga hesabu za Masaki. Saa ilikuwa ndogo mbele ya Masaki. Akaivua kwa mbwembwe, huku akiwakonyeza wajomba zake. Lakini mjanja hanunui mbuzi ndani ya gunia; akaomba auone mguu ukifanya kazi, kwani yeye, alisema, damu ya ushonaji inamchemka. Mwanajuma akatia mguu, akachukua kipande kikubwa cha kitambaa cha marekani kilichobaki kwenye sanda, akakunja pindo refu lililonyooka kama mstari wa msahafu.

Mguu wa marinda ulikwenda kwa viatu. Ukajaribiwa kwenye marekani ile ile, nayo ikatoa marinda mawili marefu ya kuzunguka. Wa utepe ulikwenda kwa miwani ya jua na kofia, na Mwanajuma akavisha ukingo utepe mwekundu. Wa matundu ya vifungo ulichukua koti. Kila mara Tahiri alicheka zaidi ya wote, akapiga makofi, akasema utani ndio raha ya kwetu. Kama yupo aliyeona kwamba mpwa anakaribia kubaki mifupa, hakuwa yeye.

"Miguu umeikomboa," Petronila akasema. Akahama, akaukumbatia mwili wa cherehani. "Sasa yenyewe. Suruali hiyo, na hicho kimkoba."

Kwenye kimkoba zilikuwamo hisa za kamba, yaani fedha za wavuvi wa Nyamisati. Hapo Tahiri alisita. Jasho lilimtoka puani. Lakini maua ya dhahabu yalikuwa yanamtazama, na mtu aliyekwisha kuvua koti huona suruali ni jambo la kumalizia tu. Mzee Salumu akamwazima msuli. Tahiri akaingia ndani, akatoka amejifunga msuli, akaweka suruali na kimkoba mkekani kwa mikono miwili kama anayetoa mahari.

"Mtani ameshiba?" akauliza.

"Mtani ameshiba," Petronila akajibu, akanyanyuka.

Tahiri akaikumbatia cherehani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Ndipo Mzee Salumu, kwa sauti ya upole, akamwita.

"Mpwa wangu, kabla hujaondoka. Hawa watani unaowajua hata gizani, huyu ni wa kabila gani?"

Tahiri akamtazama Petronila, akapima urefu wake. "Mpogoro, mjomba. Ningemjua popote."

"Angekuwa Mpogoro ningesema haya, tumekwisha, beba twende nikusindikize," Mzee Salumu alisema. "Huyu ni Mhaya. Mwanangu, tangu lini Mndengereko akataniana na Mhaya? Mtoto wa hapa wa miaka mitano angemwambia, wewe nesi, toka juu ya kopo letu."

Kicheko kilichotoka barazani kiliwarusha kuku wa jirani. Tahiri akageuka kumtafuta shahidi wake. Bwana Joachim alikuwa anaangalia saa ambayo hakuwa nayo.

"Mimi nilisema anafahamika," alisema. "Sikusema anafahamika kwa wema." Akapanda baiskeli yake.

Tahiri akarudi kwa Petronila, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba basi, kama yeye si mtani, avirudishe vitu.

"Na wewe kama si mpwa," Petronila akamjibu, "ulikuwa unakomboa mali ya nani? Twende kituoni polisi tukaeleze wote wawili. Anza wewe, na habari za kimkoba."

Neno polisi lilimkumbusha Tahiri muhuri wa mpira. Akaiweka cherehani chini polepole.

"Na msuli wangu," Mzee Salumu akasema. "Huo nimemwazima mpwa."

Mtu akivuliwa mbele za watu hata mcheshi huona soni. Mwanajuma akaisogeza cherehani mbele yake. Alichukua ile marekani iliyojaribiwa miguu yote minne, akaikunja, akaiunga mishono miwili kwa haraka, akakata uzi kwa meno.

"Mwanangu asitoke uchi nyumbani kwangu," alisema, akamrushia.

Ilikuwa suruali. Pindo safi chini, juu ya pindo marinda mawili ya kuzunguka kila mguu, utepe mwekundu ubavuni, na matundu ya vifungo kumi na mawili bila kifungo hata kimoja. Aliyeivaa ilimbidi aishike kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo Tahiri alivyopanda lori lililokwisha kuvutwa kutoka topeni, na wanawake wa kila kituo mpaka Mkuranga waliuliza fundi ni nani.

Ndani ya kimkoba mlikuwa na orodha ya wavuvi, basi Petronila akakirudisha Nyamisati kwa boti ya chanjo. Suti ya rangi ya maziwa ilifumuliwa, ikashonwa sare za watoto wawili wa shule. Mwanajuma hakwenda Ngorongo. Cherehani ikarudi barazani.

Redio peke yake haikukombolewa. Ofisa hana mtani wa kumkalia. Ilibaki mezani kwa Bwana Joachim, spika mbili, sauti mpaka barabarani, na jioni moja watu wanaosukuma lori topeni waliisikia ikitangaza kwamba lami iko njiani.