Filimbi ya Dakika ya Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Jana nusu fainali. Nimepuliza mapumziko dakika ya thelathini na moja. Sikuwa na jinsi! Kibofu kilijaa tangu timu zinapeana mikono. Nikatembea kwa heshima ya mwamuzi hadi kona ya uwanja, nilipopotea machoni nikatimua mbio. Chooni nikasimama kama mlingoti. Tone. Kimya. Tone. Muda wa mapumziko ukaisha mimi bado nasubiri.

Makocha wamelalamika. Nimewaambia saa yangu iliingia maji. Wameelewa. Mshika kibendera hakuelewa. Huyu bwana anaimezea mate filimbi yangu mwaka wa nne sasa. Akaniuliza mbele ya watu, "Mzee wangu, u mzima kweli?" Mzee! Mvi zake ni nyingi kuliko zangu.

Fainali Jumapili. Filimbi siachii. Mpango: sinywi maji mpaka siku hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umekufa. Kichwa kinagonga, mkojo rangi ya chai ya rangi, na safari za chooni za usiku ziko palepale. Kutoka chooni asubuhi, mke wangu huyu hapa mlangoni, mkoba begani. Kasema twende kliniki. Nikamwambia nina kazi. Kasema kazi yangu anaijua, ni kusimama chooni.

Muuguzi kanipa fomu. Unaamka mara ngapi usiku? Mkojo unakatika? Unasukuma? Nimejaza sifuri kote. Mke wangu akachukua kalamu, akasahihisha kama mwalimu. Ishirini na nne kwa thelathini na tano! Shuleni sikuwahi kupata alama hizo. Muuguzi akasema hapa anayepata nyingi ndiye aliyefeli.

Daktari, mama mpole, akavaa glavu. Akaeleza kwamba tezi dume hupimwa kwa kidole, kupitia mlango wa nyuma. Sitaandika zaidi. Ilikuwa dakika moja, ndefu kuliko muda wote wa nyongeza niliowahi kutoa. Kasema tezi imekuwa kubwa na inabana njia ya mkojo, ila ni laini, haina vinundu. Wamechukua damu na mkojo. Nirudi keshokutwa kibofu kikiwa kimejaa, wapime kasi ya mkojo.

Alhamisi, 6 Machi

Yule Kibendera kapeleka maneno kwa mwenyekiti wa ligi. Mwenyekiti anataka barua ya daktari kabla ya fainali. Haya basi. Nimeingia kliniki na chupa ya maji ndani ya koti.

Kipimo chenyewe: unakojoa kwenye faneli, mashine inachora mstari. Wameniacha peke yangu. Nikamimina chupa nzima. Mstari ulipanda hadi ukatoka nje ya karatasi! Muuguzi akautazama, akagusa chombo. Cha baridi. Akaniambia, "Baba, miaka ishirini nipo hapa, sijaona mtu anakojoa kutoka kwenye friji."

Mke wangu akaitoa chupa tupu kotini mwangu, akaitia mkobani. 

Nikarudia kwa haki. Mstari ulijilaza chini, mgonjwa kuliko mimi. Kisha wakapima tumbo kwa picha: nimekojoa, lakini zaidi ya glasi nzima bado imo ndani. Habari njema: figo nzima, na majibu ya damu hayajaleta wasiwasi wa saratani. Nimepewa vidonge vya kulegeza shingo ya kibofu. Niinuke polepole, visije vikanipa kizunguzungu. Na nisinywe dawa yoyote ya mafua bila kuwauliza.

Barua sikupewa. Nitaiandika mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Barua imekaa vizuri sana. Mwandiko mbaya, kama wa daktari kabisa.

Mafua! Pua imeziba na filimbi inataka pumzi. Nimenunua vidonge. Muuza dawa kauliza kama nina ugonjwa mwingine. Nikasema mimi mzima wa afya.

Jumamosi, 8 Machi

Tangu alfajiri hakuna kitu. Hata tone! Nimeenda kikao cha waamuzi hivyohivyo. Tumbo ngoma, jasho linanitiririka. Mwenyekiti anasoma kanuni, mimi nang'ang'ania kiti. Nikainuka kutoa barua yangu. Miguu ikagoma.

Aliyenidaka ni Kibendera. Akanipakia kwenye gari lake, akaendesha huku anapiga honi njia nzima. Nikamwomba apunguze mwendo kwenye matuta. Akapunguza. Hakunicheka hata mara moja, nami nilimchungulia kila dakika.

Hospitali wakanipitishia mpira wa mkojo hadi kwenye kibofu. Karibu lita nzima! Nililia. Nikamwambia muuguzi nampenda. Mke wangu akasema hata yeye anampenda.

Daktari kauliza nilimeza nini. Nimekiri. Kasema dawa ya mafua ndiyo iliyofunga mlango. Kibendera akanipa pole, akakaa kidogo, kisha akaomba filimbi. Nimempa ya akiba, ile inayokoroma.

Jumatano, 26 Machi

Waliutoa mpira mara mbili, njia ikakataa. Juzi wakanifanyia upasuaji. Sindano ya mgongo, kisha chombo chembamba kupitia njia ya mkojo, wakaikwangua tezi kwa ndani. Tumboni hakuna hata mkwaruzo. Siku ya kwanza mfuko wa mkojo ulikuwa mwekundu, nikausia wosia. Jana rangi ya waridi. Leo wametoa mpira.

Nimesimama. Nimesubiri. Shwaaa! Mgonjwa wa kitanda cha pili alipiga makofi.

Nisibebe mizigo wala kukimbia kwa majuma sita. Ninywe maji.

Jumatatu, 28 Aprili

Kipimo cha kasi leo: mstari mzuri, na mkojo wangu mwenyewe. Daktari kafurahi. Njiani mke wangu akauliza kama nimeshajifunza kutodanganya watu wa hospitali. Nikaapa nimejifunza. Akanishika mkono.

Nyumbani nimekuta barua ya ligi. Waamuzi wote tupimwe macho Ijumaa, asiyeona hapulizi. Nimekwenda mbio, polepole, kliniki ya macho, nikajifanya namsubiri mtu. Ubao wa herufi nimeunakili wote, mstari wa chini pua ikigusa ukuta. Jioni hii nimeukariri, mbele na nyuma. Silegei!

Imebaki shida moja. Nikikaa kwenye kiti cha kupimiwa, nitajuaje ubao uko upande gani?