Kuhusu Mwanafunzi wa Kiti cha Mbele, Ambaye Ni Mama Yangu Mzazi

Kwa Mkuu wa Idara ya Takwimu,
Kupitia kwa Mratibu wa Kozi (ambaye ameshasema hataki kuiona barua hii).

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: OMBI LA KUTOKUWA MTOTO WA MTU KILA JUMATANO, SAA NANE HADI SAA KUMI

Natumaini unaendelea vizuri na kwamba mlango wa ofisi yako umeshatengenezwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika idara yako, na tangu muhula huu uanze ni mkufunzi msaidizi wa kulipwa. Kazi yangu, kama inavyosema mkataba niliotia saini mbele yako, ni kuwapitisha wanafunzi thelathini wa uuguzi, mwaka wa kwanza, katika mazoezi ya takwimu, chumba namba kumi na nne. Kusahihisha majaribio yao. Na "kulinda heshima ya nafasi yangu". Hilo la mwisho ndilo limenishinda, na linanishinda kwa sababu ya mwanafunzi mmoja.

Mwanafunzi huyo ni mama yangu mzazi.

Mama ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mwaka wa ishirini na sita sasa. Hospitali ilimwambia kwamba bila shahada hawezi kuwa msimamizi wa wodi, ingawa wasimamizi watatu waliopita yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Akajiandikisha. Nyumbani tulifurahi sote, na hakuna aliyefikiria kuuliza takwimu atafundishwa na nani, mpaka siku ya kwanza nilipofungua mlango nikamkuta ameshakaa mbele, daftari limejalidiwa kwa gazeti, kalamu tatu zimelala sambamba. Aliniangalia kuanzia viatuni kwenda juu. Akasimama, akanitengeneza kola mbele ya watu ishirini na tisa, akarudi kukaa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Wiki ya pili nilichelewa dakika nne. Nililieleza darasa, kwa upole, kwamba nilikuwa nashughulikia nyaraka za idara. Mama akasema, kwa sauti ile ya kumwita mgonjwa anayefuata, "Saa saba na nusu nimemwacha nyumbani amelala." Tangu hapo nikisema neno lolote kuhusu idara, darasa zima linamgeukia yeye kwanza.

2. Darasani kwangu imeanzishwa mahakama ya rufaa. Kuna kijana tunayemwita Kesho, kwa kuwa kazi zake zote huziahidi siku hiyo. Alipoomba kuongezewa muda nilimkatalia, kwa mujibu wa mwongozo wa idara, ukurasa wa sita. Hakubishana nami. Alikwenda kiti cha mbele, akainama, akanong'ona. Mama akaniambia, "Mpe mtoto wa watu siku mbili, bibi yake anaumwa." Nikampa. Foleni ikahamia kwake. Siku moja nilimsikia akimnyima mtu ruhusa, na sababu alizotoa, nasema kwa uchungu, zilikuwa nzuri kuliko za ukurasa wa sita.

3. Mifano yangu haina tena soko. Kitabu cha kozi kinafundisha uwezekano kwa mfuko wenye mipira myekundu na myeupe. Mama alinyoosha mkono. "Huu mfuko ni wa nani?" Nikasema si wa mtu, ni mfano. "Na aliyeitia mipira hajui ametia mingapi?" Siku ya somo la wastani akasema, "Wastani wa uzito wa watoto wodini kwetu ni kilo tatu. Sawa. Lakini anayenitoa jasho ni yule wa kilo moja na nusu. Wastani sijawahi kumbeba." Wanafunzi ishirini na tisa waliandika maneno hayo madaftarini. Yalitokea kwenye majibu ya jaribio, Ndugu Mkuu, na nililazimika kuwapa alama, kwa sababu ni sahihi.

4. Idara yako ina ubao mmoja wa matangazo. Matokeo ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa tatu yanabandikwa bega kwa bega. Mwezi uliopita kikundi changu chote kilikwenda kutafuta alama zao, kikakuta na zangu: arobaini na saba kwa mia. Sikatai, ni zangu. Lakini si vyema mkufunzi kuingia darasani akakuta watu wamenyamaza kama msibani, na Kesho, ambaye hajawahi kuleta kazi yoyote siku yake, akanishika bega: "Mwalimu, pole. Ukitaka tusome pamoja, sisi tupo." Mama alinitazama tu, kama anavyotazama kipimajoto.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika jaribio la kikundi changu la mwezi huohuo Mama alipata thelathini na nne kwa mia. Nilisahihisha mara ya kwanza kama mkufunzi, mara ya pili kama mtoto, na mara ya tatu nikiwa nimeziba jina kwa kiganja. Ikabaki thelathini na nne. Nilikwenda kwa Mratibu kumweleza kwamba si haki mtu kumsahihishia mzazi wake. Akaniuliza, "Umempendelea?" Nikasema, "Nimemfelisha." Akasema, "Basi hakuna tatizo," akaendelea na chai yake.

Jioni ile Mama alifuta meza, akaweka karatasi yake katikati, akavaa miwani. Akasema, "Mwalimu, nieleze swali la tatu."

Ndani ya nyumba ambamo nimekuwa nikiitwa majina mengi tangu nizaliwe, aliniita Mwalimu. Baba aliinuka akaenda kusimama uani, ingawa kulikuwa na manyunyu. Nilimweleza Mama. Nikamweleza tena. Mara ya tatu nikasema, "Mama, mbona hii ni rahisi tu!" na nikaisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mwanafunzi yeyote, hata Kesho.

Mama aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa gauni lake la kazi, akaenda zamu. Wodi nzima inamwita Sista na kumsikiliza. Mimi nilimnyamazisha kwa sentensi moja.

6. Tangu siku hiyo hajauliza swali. Anakaa palepale, ananakili ubao, anafunga daftari, anaondoka. Mipira inatolewa mfukoni na kurudishwa, hakuna anayeuliza mwenye mfuko. Darasa la namna hii halifundishiki. Ukimya wake unasikika mpaka koridoni, na naamini unavuruga hata vipindi vya jirani.

Kutokana na hayo, nimefikia hitimisho kwamba kosa si la Mama wala si langu, bali ni la uzazi, ambao ulifanyika bila kuzingatia ratiba ya chuo. Naomba basi Idara ichukue mojawapo ya hatua hizi:

(a) Initolee cheti kwamba kila Jumatano, saa nane hadi saa kumi mchana, mimi si mtoto wa mtu yeyote. Kiwe na muhuri. Mama haamini karatasi isiyo na muhuri.

(b) Ikishindikana, Mama ahamishiwe kwa mkufunzi ambaye hana mama, asije naye akapata matatizo. Nimewahoji wakufunzi wasaidizi wote saba. Wote wana mama, na mmoja ana wawili.

(c) Hilo nalo likishindikana, mkataba wangu apewe Mama, pamoja na malipo yake, nami niandikishwe mwaka wa kwanza. Wanafunzi hawataona tofauti kubwa.

Nasubiri uamuzi wako kwa unyenyekevu. Nisalimie Katibu Muhtasi na umwambie ile kalamu ya ubao nitairudisha. Salamu pia kwa fundi wa mashine ya nakala, kwa mlinzi wa jengo, kwa walimu wote wanaonifundisha na ambao nawaomba wasiangalie tena ubao wa matangazo, na kwa mama yako, kama yupo.

Wako mtiifu, hadi saa nane mchana,

Mkufunzi Msaidizi, Kikundi cha Nne
(na mwanafunzi, mwaka wa tatu)

Nyongeza: Kabla sijapata bahasha, Jumatano ilifika. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nilifundisha dakika ishirini, nikakosea kugawanya ubaoni, na hakuna aliyeguna. Mwishowe Kesho akanyoosha mkono: "Mwalimu, Sista anarudi lini?" Nilikimbia kwa Mratibu. Akanionyesha fomu. Mama amejihamisha mwenyewe kwenda kikundi cha Alhamisi, na penye sababu ameandika kwa herufi zake za kwenye faili la mgonjwa: "Mkufunzi naye ana mitihani yake. Asichoshwe."

Leo ni Alhamisi. Nimesimama nje ya dirisha la kikundi hicho muda wote wa kipindi. Mkufunzi wao ni yule mrefu mpole. Alimweleza Mama swali la tatu mara nne bila kupandisha sauti, na mara ya nne Mama akapiga meza kwa kiganja, akacheka. Amelielewa. Sijawahi kuumia namna hii kwa mtu kuelewa takwimu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, nafuta ombi (a), (b) na (c), na malalamiko namba moja hadi nne naomba yahesabiwe kuwa sababu za kumrudisha. Nilimngoja mlangoni, nikamwomba radhi, nikamwomba arudi. Radhi ameipokea. Kuhusu kurudi, amesema maombi ya mdomo hapokei. Niandike barua, aisome, atafikiria. Karatasi nzuri zimeniishia. Naomba nirudishiwe hii ukishaisoma, nibadilishe jina la anayeandikiwa, na pale kwenye uzazi nipafute.