Ombi la Kuhamishiwa Ndani ya Nyumba Yangu

Kijiji cha Ujamaa, Runazi,
Biharamulo.
2 Desemba 1979

Ndugu Mwenyekiti Evaristi,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa mke wa Emilian, fundi seremala, kwa muda wa miezi mitatu na siku nne sasa, na hakuna hata siku moja kati ya hizo ambayo sikumshukuru Mungu. Ni mume mzuri. Ananukia mbao mpya. Alipokuwa vitani aliniandikia barua tisa, na katika kila barua aliniahidi nyumba nyeupe yenye bati. Alirudi salama, akaijenga, na unaiona mwenyewe inavyong'aa ukipita barabarani. Ahadi ametimiza zote, isipokuwa sehemu ya kuingia.

Sisi hatukai humo, Ndugu Mwenyekiti. Tunamtunzia mnunuzi.

Mnunuzi huyo bado hana jina, na anatazamiwa baada ya miaka mitano hivi, barabara ikishatengenezwa. Ardhi ni mali ya Taifa, kama ulivyotufundisha mkutanoni, lakini bati na mbao ni vya Emilian. Kwa hiyo kila wiki anaiandaa kidogo. Simlaumu. Mwaka 1974 baba yake alipewa siku nne kuhamia kijijini, na nyumba yao ya zamani ikabaki porini bila mtu wa kuuliza bei. Tangu hapo mume wangu anaamini kwamba nyumba iwe tayari kuuzwa kabla haijatakiwa bure. Ni mawazo ya mtu mwenye akili. Malalamiko yangu ni haya tu:

1. Kuta. Siku ya harusi nilichoka nikaegemea ukuta, na mafuta niliyopakwa yakaacha alama ya bega langu kwenye chokaa. Asubuhi yake Emilian aliikwangua kwa kisu, kwa upole mkubwa, huku akiniita ua lake. Tangu siku hiyo sijaegemea kitu chochote isipokuwa yeye.

2. Kibatari hakiruhusiwi ndani, kwa sababu ya masizi. Jioni ikiingia tunahamia kwenye kibanda cha jikoni, chini ya nyasi, pamoja na kuku wawili. Kitanda cha mninga alichonichongea kwa mikono yake kimebaki ndani kikimngoja mnunuzi. Mvua za msimu huu zimetufanya tulale tumekumbatiana sana, na hilo silalamikii.

3. Choo. Tunavyo viwili. Kimoja ni cha mama mkwe, ng'ambo ya shamba la mihogo, ndicho tunachokitumia. Kingine ni cha mnunuzi. Kina mlango na bawaba. Bwana Afya alipokuja kukagua alisema hajawahi kuona choo kisafi namna ile katika tarafa nzima, akatupigia makofi.

4. Mapapai yameiva. Hayachumwi, maana mnunuzi atapenda kuona mti unaozaa. Ndege wa Runazi wameolewa vizuri kuliko mimi.

5. Mama mkwe wangu, Mama Rozalia, alikuja na kikapu cha maharage, akawekewa kigoda nje. Alipaza sauti mpaka majirani wakatoka: "Emilian! Mimi niliyekuzaa, leo unanikalisha juani kama mtu wa kesi?" Emilian akamjibu, "Mama, sakafu ni ya saruji, na saruji sasa haipatikani." Mama akasema, "Na mama je, anapatikana dukani?" Akaondoka na maharage yake. Nilikuwa nimekwisha kuinjika sufuria.

6. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunafanya mazoezi. Mimi ndiye mnunuzi. Napiga hodi, yeye ananitembeza: "Karibu mzee wangu, tazama dirisha hili, funga mwenyewe, fungua mwenyewe." Napaswa kukunja uso kwanza, kisha nishangae. Nakiri kwamba ndiyo saa pekee ya wiki ninayokaa ndani ya nyumba yangu, na niliipenda sana, mpaka Jumapili iliyopita nilipouliza kwa sauti ya kizee, "Na mke huyu je, anabaki?" Emilian akajibu, "Hapana, mke tunaondoka naye." Lakini alifikiri kwanza.

7. Nina mimba ya miezi miwili. Nilipomwambia, alininyanyua juu, akacheka, akalia. Kisha akanishusha taratibu, akautazama ukuta pale chini, mahali mkono wa mtoto unapofika. Akaniuliza kama mtoto hawezi kuzaliwa kwa wazazi wangu Mugoma, akajifunzia kutembea huko huko, aje hapa akishaacha kushikashika.

Ndugu Mwenyekiti, nitajifunza kumkosea mume wangu kabla mtoto wangu hajajifunza kutembea ugenini. Ninataka azaliwe chini ya bati lile. Kwa hiyo naomba Serikali ya Kijiji itumie uwezo wake. Mwaka 1974 mliweza kuwatoa watu wote majumbani mwao kwa siku nne. Naamini kuiingiza familia moja kwenye nyumba yake hakutawashinda. Tuleteeni mgambo, na lori kama lipo. Kutoka jikoni hadi mlango wa mbele ni hatua kumi na mbili, lakini niko tayari kupakiwa, na nitaimba njiani.

Wasalimie mama wa nyumbani kwako, katibu, balozi wetu wa nyumba kumi, na Bwana Afya, umwambie choo bado ni kisafi.

Ni mimi, mke mwenye furaha,
Verediana

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa nakunja karatasi hii alipofika Mzee Bulugu, yule mfugaji aliyehamia juzi kutoka Shinyanga. Anatafuta nyumba ya kununua, tena leo. Emilian akamtembeza kama tulivyofanya mazoezi. Mzee alisifu madirisha, alisifu choo, kisha akachungulia jikoni akauona mkeka wetu. "Nyumba yote hii, nanyi mnalala na kuku? Humo ndani kuna nini?" Emilian akasema hamna kitu. Mzee akanigeukia: "Binti, kuna nini?" Sikusema uongo. Niliinamisha macho nikashusha pumzi, basi. Mzee hakumaliza hata maji tuliyompa, akaondoka akigeuka nyuma kama anayefuatwa na jini.

Sasa Emilian amegundua kwamba nyumba isiyokaliwa haiuziki. Amenipigia magoti tuingie leo hii, tuwashe kibatari, nile mapapai, niegemee kuta zote, na mtoto azaliwe humo ili wanunuzi waone inakalika. Kwa hiyo mgambo wabaki huko huko. Mwacheni mume wangu aiandae nyumba yake ili aiuze, nami nitamsaidia kwa moyo wote, mwaka hata mwaka. Na mnunuzi mwingine akipita ofisini kwako, mwelekeze kwangu kwanza. Macho yangu bado yanajua kuinama.